Daodejing kwa tafsiri sita: shajara ya usomaji wa pamoja

Tuko sita: watatu Dar es Salaam, mmoja Mombasa, wawili Bujumbura. Tunasoma Daodejing, kitabu cha kale cha Wadao kinachonasibishwa na Laozi. Kina sura 81 na herufi za Kichina zipatazo 5,000 tu. Mmoja wetu anasoma Kichina cha kale, waliobaki wanategemea tafsiri. Mwenye haraka ya kuiga kazi hii aruke hadi tarehe 9 Februari, maana utaratibu tunaoutumia sasa unaanzia hapo. Yaliyotangulia ni makosa, lakini ndiyo yaliyouzaa.

11 Januari: vifaa

Tafsiri tulizochagua ni za Stanislas Julien (Kifaransa, 1842), James Legge (1891), Arthur Waley (1934), D. C. Lau (1963), Stephen Mitchell (1988) na Robert Henricks (1989). Julien aliingia kwa sababu wenzetu wa Bujumbura Kifaransa kinawaingia haraka kuliko Kiingereza. Yeye na Legge haki miliki zao zimekwisha, tumepakua bure. Nne zilizobaki tulinunua za mitumba, jumla shilingi 96,000 pamoja na usafiri. Kuchapa matini ya Kichina, kurasa 22 kwa shilingi 100, nakala sita: 13,200.

Matini yenyewe ni ya Wang Bi, mfafanuzi aliyefariki mwaka 249 akiwa na miaka 23. Ndiyo inayochapwa zaidi. Henricks peke yake anafasiri kitu kingine: miswada miwili ya hariri iliyofukuliwa Mawangdui, karibu na Changsha, mwaka 1973, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 KK. Mitchell hakujua Kichina. Alifanya kazi juu ya tafsiri za wengine. Tumemweka makusudi, ili tuone mstari ukifika kwa mtu wa mkono wa pili unabaki na nini.

18 Januari: kupiga kura (imeshindikana)

Sura ya 1. Mpango ulikuwa rahisi: kila mtu asome mstari kutoka kwenye tafsiri yake, kisha tufuate wengi. Ulidumu mistari mitatu.

Mstari wa tatu unasema kisicho na jina ni mwanzo wa... wa nini? Tafsiri nne zina mbingu na ardhi. Henricks ana vitu elfu kumi, yaani viumbe vyote. Mitchell hana hiki wala kile. Kwa kura, nne zinashinda. Lakini hizo nne zinasoma matini ya ukoo mmoja (天地之始), kwa hiyo si mashahidi wanne, ni shahidi mmoja aliyenukuliwa mara nne. Miswada yote miwili ya hariri ina 萬物之始, mwanzo wa vitu elfu kumi. Tena ukifungua ufafanuzi wa Wang Bi mwenyewe chini ya mstari huohuo, unamkuta akizungumzia mwanzo wa vitu elfu kumi. Yaani huenda hata matini aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa hivyo, na hii tunayoita ya kwake ikabadilishwa na wanakili baadaye.

Kosa la pili la kura limejificha zaidi. Mistari miwili mbele, tafsiri zote sita zinazungumzia kutokuwa na tamaa, na kwa kuwa zilikubaliana tukapita. Baadaye tukagundua kwamba mstari huo umegombewa karne nyingi. Herufi ni 常無欲以觀其妙, na Kichina cha kale hakikuandikwa vituo. Ukiweka kituo baada ya 欲, unapata "daima bila tamaa, ili kuona siri yake". Ukikiweka kabla, kama Wang Anshi wa enzi ya Song alivyotaka, unapata "daima katika kutokuwepo, mtu ataka kuona siri yake". Wing-tsit Chan (1963) anafuata njia hii ya pili, ila yeye hakuwa mezani kwetu. Miswada ya hariri ina 也 baada ya 欲, herufi ambayo kazi yake hapo ni kufunga kifungu, hivyo inaunga mkono usomaji wa tamaa. Jibu halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba hatuchukulii tena kukubaliana kwa tafsiri kuwa ushahidi kwamba hakuna swali.

Hasara: mkutano mzima, saa mbili.

25 Januari: vitabu viwili vya Lau, na Henricks anayeanzia katikati

Fupi, lakini iokoe saa zako. Tafsiri ya Lau ipo ya namna mbili: ile ya 1963, na toleo la 1982 lenye Kichina pembeni ambalo limeongezewa tafsiri ya miswada ya hariri. Mwenzetu wa Mombasa alikuwa na la pili, na kwa nusu saa tulidhani tumegundua hitilafu kubwa kumbe tunalinganisha miswada miwili tofauti. Andika mwaka wa toleo juu ya kila safu ya jedwali.

Henricks naye anafuata mpangilio wa hariri, ambamo nusu ya De (德, fadhila) inatangulia nusu ya Dao (道, njia). Ukurasa wa kwanza wa tafsiri yake ni sura ya 38. Sura ya 24 iko kati ya 21 na 22. Ya 80 na 81 zinakuja kabla ya 67. Tafuta kwa namba ya sura, usitafute kwa ukurasa.

1 Februari: bonde ambalo halikuwepo

Sura ya 39 ndiyo iliyotutoa jasho. Karibu na mwisho, watawala wanajiita kwa majina ya unyonge: yatima, mjane, na jina la tatu. Safu ya Lau ilikuwa na mtu asiye na bahati. Safu ya Legge ilikuwa na gari lisilo na kitovu cha gurudumu. Na mmoja wetu aliyekuwa akijaribu kufuata Kichina kwa kamusi ya simu akaja na "bila bonde", akiwa na hoja nzuri kabisa: mapema katika sura hiyohiyo bonde linatajwa, kwamba lilipata Moja likajaa. Mfalme asiye na bonde ni mfalme asiyejaa. Tuliipenda. Tulikaa nayo dakika arobaini.

Ni kosa tupu, na chanzo chake ni faili. Kunakili herufi upya tulikuwa tumetumia matini yenye herufi zilizorahisishwa, zile zilizorasimishwa China kuanzia 1956. Katika mfumo huo 谷 (bonde) na 穀 (nafaka) huandikwa kwa herufi moja, 谷. Katika maandishi ya jadi ni herufi mbili tofauti: bonde la mwanzoni mwa sura ni 谷, lakini jina la mfalme ni 不穀, kwa neno la moja kwa moja "bila nafaka", na 穀 hubeba pia maana ya heri. Ndiyo maana ya mtu asiye na bahati.

Na gurudumu la Legge? Kuna herufi ya tatu yenye sauti ileile *gu*: 轂, kitovu cha gurudumu, pale spoki zote zinapokutana. Ni hiyohiyo iliyo katika sura ya 11, ambapo spoki thelathini zinashiriki kitovu kimoja na faida ya gari iko kwenye tundu la katikati. Ufafanuzi wa kale uitwao wa Heshang Gong unasoma jina la mfalme kwa 轂: mtawala anajishusha kwa kusema hafai kuwa kitovu kinachokusanya spoki. Legge ameufuata usomaji huo. Kwa hiyo yeye na Lau hawatofautiani kwa ladha, kila mmoja anasoma herufi yake. "Bila bonde" ndiyo pekee isiyo na mswada wala mfafanuzi nyuma yake.

Marekebisho: kila faili imebadilishwa kuwa ya herufi za jadi. Usitumie programu ya kugeuza kutoka zilizorahisishwa kwenda za jadi, kwa sababu pale herufi mbili zilipokuwa moja programu hubahatisha. Tafuta matini iliyoandikwa kwa za jadi tangu mwanzo. Kuchapa upya: 13,200 nyingine.

9 Februari: utaratibu mpya

Siku tatu kabla ya mkutano, anayejua Kichina anatuma sura mstari kwa mstari, herufi za jadi, *bila vituo*. Kila msomaji anamiliki tafsiri moja na anajaza safu yake kwa maneno ya mtafsiri yalivyo. Tanbihi za mtafsiri haziingii kwenye safu, zinakaa kando, maana zikichanganywa hutajua mtafsiri amefasiri nini na ameeleza nini. Kazi hiyo huchukua kama dakika 40.

Kwenye mkutano hatuanzi na maana. Tunaanza na swali: tafsiri zimeachana wapi, na kwa sababu gani? Kila tofauti inapewa alama moja kati ya nne. H ni herufi: zinasoma herufi tofauti, au herufi moja yenye maana mbili. K ni kituo: sentensi imekatwa pengine. M ni mswada: matini zenyewe si moja. T ni mtafsiri: Kichina ni kilekile, ila yeye ameongeza, amepunguza au amechagua picha yake. Mistari ambayo tafsiri zote zimekubaliana nayo inapimwa kwa jicho moja dhidi ya miswada ya hariri. Baada ya hapo tu ndipo tunajadili maana, na mwisho kabisa tunaandika mstari kwa Kiswahili.

Onyo kuhusu M: mswada kutofautiana si lazima maana itofautiane. Miswada ya hariri ina 恆 (*heng*) mahali pengi ambapo Wang Bi ana 常, na zote ni "daima". Kilichotokea ni mwiko: mfalme Wen wa Han, aliyetawala 180 hadi 157 KK, jina lake lilikuwa Liu Heng, na herufi ya jina la mfalme haikuandikwa ovyo. Wanakili wakaibadilisha na haikurudi.

22 Februari: sura ya 5, mbwa wa majani

Mbingu na ardhi hazina 仁 (huruma, wema), zinavifanya vitu vyote kuwa *chugou*, 芻狗. Tafsiri tano zina mbwa wa majani makavu. Mitchell hana mbwa kabisa. Kwake Dao haichukui upande. Alama: T.

Tuliposoma kwa sauti kwa Kiswahili, "mbwa" aliharibu mstari. Kumfanya mtu mbwa kwetu ni tusi, msikilizaji anasikia chuki. Mstari wa Kichina hauna chuki hata chembe. Katika Zhuangzi, kitabu kingine cha kale cha Wadao, sura ya 14, imeelezwa sanamu hizi zilivyotumika: kabla ya sadaka huwekwa sandukuni, hufunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa, na kuhani hufunga kabla ya kuzibeba, sadaka ikiisha wapita njia wanazikanyaga kichwa na mgongo, na wakata nyasi wanazichukua kuwashia moto. Heshima ilikuwa ya wakati wake, dharau nayo ni ya wakati wake. Tulijaribu "ganda la ndizi". Limekataliwa: ganda hutupwa, lakini halijawahi kuvikwa kitambaa.

Cha ajabu, Wang Bi mwenyewe hazungumzii sanamu. Anasoma herufi hizo mbili kama vitu viwili, nyasi na mbwa: ardhi haiotishi nyasi kwa ajili ya mnyama, lakini mnyama anakula nyasi, haizai mbwa kwa ajili ya mtu, lakini mtu anakula mbwa. Hakuna hata tafsiri moja kati ya zetu iliyomfuata hapa. Alama: H. Tumebaki na "mbwa wa majani wa sadaka", maneno matatu zaidi ya Kichina. Ni bei tuliyokubali.

Kwa 仁 Kiswahili kilitulipa. Safu zilikuwa na huruma, wema, ukarimu, upendo. Lakini 仁 inatamkwa sawa na 人, mtu, na ndani yake mna mtu. Sisi tuna *utu*, nalo limetoka kwa mtu. "Mbingu na ardhi hazina utu": ni kweli, maana si watu, na bado inashtua kama inavyopaswa kushtua.

Nusu ya pili ya sura, kwamba kati ya mbingu na ardhi ni kama mvukuto wa mhunzi, haikugharimu chochote: "Mtupu lakini hauishiwi, ukivukutwa hutoa zaidi." Vipande vya mianzi vilivyofukuliwa Guodian, Hubei, mwaka 1993, vya karibu mwaka 300 KK, vina mvukuto huu tu. Mbwa hawamo. Huenda sura tunayoiona moja ilishonwa kutokana na vipande viwili, na hilo linapunguza hamu ya kulazimisha mbwa na mvukuto viwe hoja moja. Tulikuwa tumepoteza nusu saa kufanya hivyo.

8 Machi: Dao kwa Kiswahili, majaribio matatu

Mstari wa kwanza wa kitabu, 道可道非常道, unatumia 道 kama nomino na kama kitenzi cha kusema. Ili kuhifadhi mchezo huo tulijaribu "Neno linenekalo si Neno la daima". Kimuziki ni tamu. Kimeanguka papo hapo: kila aliyekisikia aliisikia Injili ya Yohana. Na si ajabu, kwa sababu Biblia ya Kichina iliyoenea zaidi, ya 1919, inafasiri Yohana 1:1 kwa herufi hiyohiyo 道. Mlango uko wazi pande zote mbili, na ndiyo sababu ya kutoupitia: msomaji angeingia na kitabu kingine mkononi.

Jaribio la pili: "tarika". Ni njia, ina uzito wa kiroho, na pwani inaeleweka. Mno. Mtu akisikia tarika anauliza ni Kadiria au Shadhilia, na shehe wake ni nani. Limeondolewa.

Tumerudi kwa "Njia", na mchezo wa maneno tumeupoteza. Kufidia, tumetumia kauli ya kutendeka, ambayo inabeba 可 (kuweza) bila neno la ziada:

*Njia isemekayo si Njia ya daima;*
*jina litajikalo si jina la daima.*

Kiingereza na Kifaransa kwa kawaida hutumia kitenzi kizima cha "kuweza" hapo. Sisi ni silabi moja.

無為 (*wuwei*) bado inasumbua. "Kutotenda" kunasikika kama uvivu. Tunatumia "kutolazimisha" kwa muda. Katika sura ya 37 angalia M: matini ya Wang Bi inasema Njia daima hailazimishi na bado hakuna lisilofanyika, maneno yanayonukuliwa kila mahali. Hariri, mahali hapohapo, inasema Njia daima haina jina. Mianzi ina kutolazimisha lakini haina "hakuna lisilofanyika".

22 Machi: sura ya 60, kutawala na kupika

治大國若烹小鮮. Herufi saba. Legge na Waley: kupika samaki wadogo. Lau: kuchemsha samaki mmoja mdogo. Mitchell: kukaanga, kisha anaongeza kwamba ukimchokoachokoa unamharibu. Idadi haimo katika Kichina, kwa hiyo mmoja au wengi ni T. Sisi nasi hatuna pa kujificha, maana "samaki" haibadiliki lakini "mdogo" lazima iwe mdogo au wadogo. 烹 ni kupika kwa maji zaidi kuliko mafuta.

Kuchokoa kwa Mitchell hakumo kwenye mstari, ila kuna msingi: Han Fei, mwanafalsafa aliyefariki 233 KK, anaeleza kwamba samaki wadogo wakikorogwa mara kwa mara wanaharibika, na vivyo hivyo nchi inayobadilishiwa sheria kila siku. Maelezo yamehamia ndani ya matini.

Kwa Kiswahili sote tulirukia "dagaa". Msomaji wa Bujumbura, kwa kuwa anakula ndagala, ndiye aliyepinga: dagaa wakavu wakikaangwa unaweza kuwakoroga utakavyo, hawavunjiki, tena usipowakoroga wanaungua. Mfano unageuka kinyume! Lazima wawe wabichi, kwenye mchuzi. Samaki wabichi wakiwa kwenye tui huwakorogi kwa mwiko. Unashika sufuria kwa pande mbili na kuitikisa. Toleo letu: "Kutawala nchi kubwa ni kama kupika dagaa wabichi." Na kwenye maelezo ya kando, neno moja linalotosha kwa sufuria na kwa nchi: *usivuruge*.

5 Aprili: sura ya 64 na 41, na hesabu

"Safari ya maili elfu huanza na hatua moja." Imezoeleka hata kwenye kanga za maneno ya mjini na hotuba za mahafali. Hatua ni ya Legge. Herufi ni 千里之行始於足下: mwendo wa li elfu huanzia *chini ya nyayo*. Lau, Waley na Mitchell wote wako chini ya miguu. Li moja ya kale haifiki nusu kilomita, kwa hiyo si maili pia. Halafu hariri inaondoa safari yenyewe: hapo hakuna mwendo, kuna kimo kirefu kinachoanzia chini ya nyayo. Mswada wa kwanza unakipima kwa *ren* mia. Ren ni kipimo cha mikono iliyonyooshwa, karibu sana na pima yetu. "Kimo cha pima mia huanzia chini ya nyayo." Kinakaa vizuri zaidi na mistari miwili inayotangulia, mti mkubwa unaotoka kwenye chipukizi na jukwaa la ghorofa tisa linaloanza na udongo uliorundikwa, maana vyote vinapanda juu. Tumeandika matoleo mawili sambamba.

Sura ya 41, 大器晚成, chombo kikubwa huchelewa kukamilika: mswada wa pili wa hariri una 免 badala ya 晚, na ukiisoma ilivyo, chombo kikubwa *hakikamiliki*. Jirani zake ni mraba mkubwa usio na pembe na umbo kubwa lisilo na sura, kwa hiyo kukana kunaendana na safu. Alama: H na M kwa pamoja. Hatujaamua, kura haipigwi.

Hesabu hadi leo: sura tisa (1, 5, 11, 25, 37, 39, 41, 60, 64), saa 31 za mikutano, shilingi 122,400 bila bando. Katika tofauti 58 zilizowekewa alama, T ni 27, H ni 14, M ni 12, K ni 5. Sura tulizichagua kwa ugumu, kwa hiyo usitarajie uwiano huo kitabu kizima.

Inayofuata ni 38, inayofunguka kwa 上德不德, neno kwa neno "De ya juu si De". "Fadhila" iko mezani kwa 德, ila fadhila kwetu ni jambo unalomtendea mtu, na hapohapo akaja mwenzetu na "fadhila kuu haina masimango". Ni Kiswahili safi, na ni finyu kuliko Kichina. Imewekwa kando kwa penseli hadi safu sita zijazwe.